Uno imeshiba: nihamie bodi gani kwa taa 900 za harusi?

pambo_la_jukwaa (Unguja)
Assalaam alaykum wenzangu. Napamba kumbi za harusi hapa mjini. Nyuma ya viti vya maharusi huweka mkanda wa taa za LED aina ya WS2812B wenye taa 300, unaendeshwa na bodi ndogo ya kompyuta, Arduino Uno. Sasa familia moja inataka taa zianzie mlangoni, zifuate zulia mpaka jukwaani, kisha zipande pazia. Jumla taa 900. Maharusi wanaingia na beni, baadaye kuna taarab ya kupigwa papo hapo, na wanataka taa zote zicheze pamoja na ngoma.

Programu ya taa 900 Uno haiiwezi kabisa. Na hata kwenye hizi 300, nikituma amri kutoka laptopu wakati taa zinacheza, amri nyengine zinapotea. Nichukue Mega, nifunge Uno tatu, au nihamie ESP32? Teensy naisikia pia. Vitu vingi naagiza Dar, kwa hiyo nataka niagize mara moja.

fundi_wete
Waalaykum salaam. Kila taa inakula baiti 3 za memori, kwa hiyo taa 900 ni baiti 2,700. Uno ina 2,048 tu, na programu nayo inataka sehemu yake. Bodi yako ni nzima, imejaa tu.

Amri kupotea ni jambo jengine. WS2812B inapokea biti 800,000 kwa sekunde, na kila taa inataka biti 24, yaani mikrosekunde 30. Taa 300 ni milisekunde 9. Muda wote huo Uno inafunga interapti (miito ya kuikatiza kazi) ili mapigo ya data yasiyumbe, maana yake haisikilizi chochote. Amri za laptopu zikija kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, herufi moja inaingia kila mikrosekunde 87, basi hesabu mwenyewe ngapi zinapita bodi ikiwa kiziwi.

Mega ina memori ya 8 KB, taa zitawaka, lakini ni 16 MHz ile ile na uziwi ule ule, tena kwa taa 900 kwenye waya mmoja unafika milisekunde 27. Usinunue. Uno tatu nazo kila moja ina saa yake na mwendo wake. Nyimbo ya taarab si fupi. Kabla haijesha mlango na pazia vitakuwa havipatani.

mwana_wa_darajani
ESP32, yakhe. 240 MHz, prosesa mbili ndani, memori 520 KB, na ina sehemu iitwayo RMT inayotoa mapigo ya data yenyewe huku programu ikiendelea na kazi. Gawa taa kwenye pini tatu, 300 kila moja, zitume kwa pamoja. Picha nzima inakwenda kwa milisekunde 9 badala ya 27. FastLED, programu ya kuendeshea taa, inalifanya hilo. Teensy 4.1 ni 600 MHz, naipenda sana, lakini hiyo ni ya taa maelfu, na Wi-Fi haina.

Angalia kitu kimoja: ESP32 inatoa volti 3.3, na WS2812B ikiwa kwenye volti 5 inataka data isiyopungua 3.5. Nyumbani itawaka vizuri, ukumbini ianze kupepesa. Weka katikati chipu ya 74AHCT125, inayopandisha data mpaka volti 5, na rezista ya omu 330 mpaka 470 kwenye kila waya wa data.

umeme_na_chumvi (Nungwi)
Mbona hakuna aliyetaja umeme? Taa moja ikiwaka nyeupe kamili ni miliampea 60. Mara 900 ni ampea 54 kwa volti 5. Punguza mwangaza ndani ya programu, na umeme uingize sehemu nyingi, usitegemee ncha moja, la sivyo mwisho wa mkanda nyeupe inageuka nyekundu. Hasi zote, za bodi na za pawa saplai, ziunganishwe.

Kwa njia ya zulia mimi ningenunua WS2815, ya volti 12. Ina waya wa data wa akiba, taa moja ikifa zinazofuata zinaendelea, na zuliani ndiko watu wanakokanyaga. Na viungo vya lehemu vifunike silikoni. Hewa ya chumvi huku inakula shaba mpaka inakuwa kijani.

mikisa_ya_ukumbi
Nakuja kwenye sauti, maana hapo ndipo kazi yenyewe. Usipange taa mapema kwa taarab ya papo hapo. Watu wakiinuka kutunza, mwimbaji anarudia ubeti mara atakavyo, na mpango wako unabaki nyuma. Taa zifuate kinachopigwa sasa hivi.

Tena usiweke maiki wazi ukumbini, kwa sababu vigelegele vitaziwasha taa kuliko dumbak. Muombe fundi sauti njia moja ya mikisa yenye ngoma peke yake. Ipitishe kwenye transfoma ndogo ya sauti, iinue ikae katikati ya volti 0 na 3.3, iingie pini 34. Usitumie pini za ADC2 (kundi la pili la pini za kusoma volti), hazisomi Wi-Fi ikiwa imewaka. Na Wi-Fi yenyewe izime shughuli ikianza. Ukumbi mzima umejaa simu.

Beni wanatembea, hawapiti kwenye mikisa. Hapo mpe msaidizi wako kitufe afuate pigo kwa kidole, programu ipime nafasi baina ya pigo na pigo. Mtu anayejua beni atapata kuliko chipu yoyote.

pambo_la_jukwaa
Allah awalipe. Naagiza ESP32, 74AHCT125, na WS2815 kwa zuliani. Limebaki moja: bodi itakaa karibu na mikisa, na kutoka hapo mpaka mlangoni ni kama mita 25. Waya wa data utafika?

fundi_wete
Waya mtupu hautafika salama. Agiza chipu mbili za MAX485, za kupeleka data mbali, moja kila ncha, na waya wa LAN katikati: jozi moja ya data, jozi nyengine ya hasi. Ya mlangoni ilishe volti 5, itatoa data ya volti 5 moja kwa moja, hivyo laini hiyo haihitaji 74AHCT125. Soma maandishi juu ya chipu kabla ya kulipa: MAX487 inafanana nayo, lakini mwisho wake ni biti 250,000 kwa sekunde, na wewe unataka 800,000.