Redio ya gari, ile ya kiwandani, inakwaruza: nianze na spika au amplifaya?

Wakuu, nikipandisha sauti inakwaruza. Bajeti ndogo. Nianzie wapi?

Jibu: Spika za mbele. Redio za kiwandani nyingi hutoa wati 15–20 tu kwa kila spika, hivyo chagua zenye usikivu (sauti inayotoka kwa umeme kidogo) wa desibeli 90 kwenda juu. Pima kwanza kina cha nafasi ya spika mlangoni, kioo kikiwa kimeshushwa chote, kisije kikagonga sumaku ya spika.

Jibu: Naongeza: ziba matundu makubwa ya mlango kwa shiti za butili (mpira unaonata). Hewa ya nyuma ya spika ikikutana na ya mbele, besi inafutika. Vitundu vya chini viache, vinatoa maji!

Jibu: Ukifikia amplifaya, fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Ethi (waya wa hasi) funga kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Ikilegea, utasikia mluzi unaopanda na injini.