Naomba ushauri: machalari ya Krismasi kwa watu 20

Habari zenu ndugu zangu. Mwaka huu tunapanda Moshi kwa baba mkwe, tutakuwa watu 20 hivi, na mapishi ya tarehe 25 nimeachiwa mimi.

Miaka yote tunabeba mchele na matufaha ya dukani kutoka Dar, huku kihambani, shambani pale nyumbani, kuna ndizi mshare, magimbi na maharage. Inaniuma kweli. Safari hii nataka machalari ya nyama ya mbuzi, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na nyama, yawe chakula kikuu. Matunda hayanipi shida, Desemba maembe na mananasi yamejaa.

Nimejaribu mara 2 hapa nyumbani. Sufuria ndogo ilitoka vizuri sana, mpaka watoto waliongeza. Kwenye kubwa, ndizi za chini zilirojeka na za juu zikabaki ngumu. Halafu nilizomenya usiku na kuloweka kwenye maji matupu, asubuhi nilizikuta nyeusi.

Wenye uzoefu: kwa watu 20 mnapika sufuria moja au mnagawa mbili? Na ndizi nikizimenya usiku nifanyeje zisiwe nyeusi? Ibada ni asubuhi mapema, sitaki kuikosa.

Natanguliza shukrani.