MALALAMIKO: Malori ya petroli yanatuvujishia mvuke katikati ya makazi, Ngamiani Tanga

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Hapa Ngamiani kuna kituo cha mafuta kilichobanana na nyumba za watu, na petroli yake hushushwa mchana kweupe kutoka kwenye lori ambalo vifuniko vyake havizibi. Kila tunapolalamika tunajibiwa kwamba hiyo ni harufu tu, itapita. Haipiti. Huingia madirishani na kukaa ndani, watoto wanaumwa kichwa, na mzee mmoja mwenye pumu hulazimika kuondoka kwake hadi kazi ya kushusha iishe. Kampuni yenye lori imeelezwa kwa mdomo na kwa barua, na mpaka leo haijajibu hata mstari mmoja.

Kinachofanyika ni hiki. Lori likishaegeshwa, utingo hupanda juu ya tangi, hufungua vifuniko vya vyumba vyote, hutumbukiza ufito wa kupimia, kisha huviacha wazi mpaka mafuta yaishe. Jua likiwa kali, hewa iliyo juu ya kila tundu huonekana kwa macho ikitetemeka. Upande wa pili wa ukuta, hatua chache tu, mama lishe anapika kwa jiko la mkaa. Utingo mwenyewe ndiye aliyenionyesha mpira wa kuzibia wa kifuniko kimojawapo: umekatika, na pale ulipokatika pamewekwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Mpira wa namna hiyo ukikutana na petroli huvimba na kulegea. Mpira unaostahimili mafuta ni wa aina nyingine, na bei yake haiwezi kuishinda kampuni iliyomudu kununua lori. Simlaumu kijana huyo hata kidogo, kwa sababu yeye ndiye anayevuta hewa hiyo kuliko sisi sote.

Wanaosema mvuke hupaa na kupotea angani wanapotosha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo hushuka, hutambaa chini na kujikusanya kwenye mitaro na mashimo, na unaweza kukutana na moto mbali na lori lenyewe. Inatosha uwe asilimia 1.4 tu ya hewa ili uwake. Petroli ya maji haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke wake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo ndugu zetu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka. Tena ndani ya mvuke huo kuna benzini, kemikali ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba dawa yake ipo na inajulikana miaka mingi. Kila lita ya petroli inayoingia kwenye tangi la ardhini husukuma nje lita moja ya hewa iliyojaa mvuke. Badala ya kuiachia hewa hiyo itoke kwenye bomba la kupumulia, huungwa mpira wa pili, kando ya ule unaoshusha mafuta, unaoirudisha ndani ya lori, ikachukue nafasi ya mafuta yanayoshuka, na lori huirudisha bohari ambako mvuke hugeuzwa tena kuwa petroli. Umoja wa Ulaya uliweka sharti hilo mwaka 1994. Kwa viwango vya Shirika la Mazingira la Marekani, kushusha lita 10,000 bila mpira wa pili, hata kama bomba la kujazia linafika karibu na sakafu ya tangi, hutoa takribani kilo 9 za mvuke, na petroli ikimwagwa kutoka juu hufika karibu kilo 14. Mpira wa pili ukiungwa vizuri, hubaki chini ya nusu kilo. Kilo 9 ni kama lita 12 za petroli zinazoachwa ziende hewani, halafu kipimo kikipungua anayekatwa mshahara ni dereva.

Hata hivyo, mpira wa pili hauna maana lori lenyewe likivuja, na hapa ndipo wamiliki wanapotufanya hatujui kitu. Mafuta yanaposhuka, tangi la lori linavuta hewa. Kifuniko kikiwa wazi au mpira wake wa kuzibia umekatika, litavuta hewa ya barabarani iliyo karibu na kuuacha mvuke wa tangi la ardhini utoke kwenye bomba la kupumulia kama zamani. Kisha lori hilo linaloitwa tupu huondoka likiwa na mvuke uliochanganyika na hewa, ambao kwa moto ni hatari kuliko lori lililojaa, na madereva huliegesha usiku kando ya nyumba zetu kwa sababu hawakupewa maegesho.

Kupima uvujaji hakuhitaji maajabu. Marekani, lori hupimwa kila mwaka: tangi hufungwa, hujazwa hewa mpaka shinikizo la milimita 450 za maji, huachwa dakika 5, kisha huangaliwa shinikizo limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiwango, lori halipakii mpaka litengenezwe. Mahali panapovuja hujulikana hata kwa povu la sabuni.

Ninaiomba EWURA, yenye dhamana ya kudhibiti biashara ya mafuta, ilifanye jambo hili kuwa sharti lenye meno: lori lisilo na cheti cha mwaka cha kipimo cha uvujaji lisipakie katika bohari yoyote hapa Tanga, na kituo kilicho ndani ya makazi kisishushe petroli bila mpira wa kurudisha mvuke na vifuniko kufungwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo lije litazame jiko la mkaa lilipo na lori linapoegeshwa. Mama huyo atafutiwe mahali pengine pa biashara kwa heshima, kwa sababu yeye alikuwapo kabla ya kituo kujengwa.

Kwa kampuni yenyewe, ambayo najua watu wake wanasoma humu: hatutaki tena kuambiwa ni harufu. Tunataka barua yetu ijibiwe kwa maandishi, mpira ule wa kuzibia kifuniko ubadilishwe, na cheti cha kipimo cha lori hilo kionyeshwe kwa serikali ya mtaa kabla joto la kaskazi halijaanza.