Tumechoka kuambiwa "Mjerumani hadanganyi": Volkswagen hailipi mpaka ibanwe

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za "ninunue gari gani". Sijaja kuuliza gari. Nimekuja kulalamika, na nina hasira.

Kila Volkswagen ikitajwa humu, kuna watu wanakuja na sentensi moja: Mjerumani hadanganyi. Uliza kuhusu gia boksi, Mjerumani hadanganyi. Uliza kuhusu moshi wa dizeli, Mjerumani hadanganyi. Kuna muuzaji wa yadi hapa mjini nilimwomba rekodi za sevisi za Passat ya dizeli iliyotoka Uingereza, akanijibu kwamba gari la Mjerumani haliombwi karatasi. Watu wanatoa kiinua mgongo, wanakopa SACCOS, kwa kuiamini sentensi hiyo. Na ni ya uongo. Kampuni hii imedanganya, ikakiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017, ikatia sahihi. Na ukifuatilia historia yake utakuta mwendo mmoja tangu mwanzo: halipwi mtu mpaka kampuni ibanwe, na asiye na wa kuibana kwa niaba yake haambulii kitu. Sisi ndio tusio na wa kuibana kwa niaba yetu.

Nianze na dizeli, maana hapo ndipo watu wanajifanya wamesahau.

Kwa mujibu wa yale kampuni yenyewe iliyokubali, mwaka 2006 watu wake waliona kwamba injini mpya ya dizeli iliyokuwa inaandaliwa kwa soko la Marekani isingeweza kufikia kiwango cha moshi cha huko na bado ikauzika. Hawakusema. Waliweka programu kwenye kompyuta ya gari inayotambua kuwa gari limepandishwa kwenye rola za maabara linapimwa. Likipimwa, linasafisha moshi kama sheria inavyotaka. Likishuka barabarani, usafi unapunguzwa na gesi ya nitrojeni oksidi inatoka hadi mara 40 ya kiwango. Gesi hiyo ni sumu ya mapafu, mwenye pumu anaijua.

Walikamatwaje? Vijana wa Chuo Kikuu cha West Virginia, wakiongozwa na Dan Carder, walipewa fedha kidogo na ICCT, taasisi ya utafiti wa usafiri safi, wapime dizeli za Ulaya barabarani badala ya maabara. Wakajaza buti vipimo, wakafunga na jenereta za kuviendesha, wakaichukua Passat kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Passat ikatoa nitrojeni oksidi mara 5 hadi 20 ya kiwango, Jetta mara 15 hadi 35. BMW X5 waliyoipima pamoja nazo kwa sehemu kubwa ilikuwa ndani ya kiwango. Kwa hiyo msiniambie haikuwezekana kutengeneza dizeli safi. Matokeo yalitoka mwaka 2014.

Sasa angalieni walichofanya baada ya hapo, maana hiki ndicho kinachonichemsha damu. Mamlaka ya hewa ya California ilipowauliza, waliendelea kudanganya kwa zaidi ya mwaka. Walitoa maelezo ya kiufundi yasiyo na ukweli. Kisha wakawaita wateja warudishe magari kwa ajili ya "marekebisho", na ndani ya marekebisho hayo wakaiongezea programu ya udanganyifu uwezo wa kusoma usukani: magurudumu yanazunguka lakini usukani haugeuki, basi gari liko kwenye mtihani. Yaani mteja alipeleka gari lake litengenezwe, likarudi nyumbani limefundishwa kudanganya vizuri zaidi! Walikuja kukiri Septemba 2015, na tarehe 18 mwezi huohuo EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ikatangaza hadharani. Magari yenye programu hiyo yalikuwa karibu milioni 11 duniani. Marekani ni laki 5 tu hivi kati ya hayo, hiyo namba ishikeni mpaka tufike kwenye fidia.

Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu siku chache baadaye akisema hakujua. Anakana mpaka leo, na kesi yake Ujerumani ilianza Septemba 2024 ikakatizwa kwa sababu za afya. Michael Horn, bosi wa tawi la Marekani, aliwaambia wabunge wa huko Oktoba 2015 kwamba ni kazi ya wahandisi wachache wa programu. Wachache! Meneja mmoja na mhandisi mmoja walifungwa Marekani, aliyekuwa mkuu wa Audi, kampuni tanzu ya Volkswagen, Rupert Stadler, akatiwa hatiani mwaka 2023 kwa kifungo cha nje na faini, na Mei 2025 mahakama ya Braunschweig ikawatia hatiani wanne wengine, wawili kati yao kifungo cha ndani.

Haya, fidia. Mmarekani, mwenye yale magari laki 5 tu, aliahidiwa mwaka 2016 kununuliwa gari lake kwa bei ya kabla ya kashfa, na juu yake dola 5,100 hadi 10,000 taslimu. Magari yaliyorudishwa yalikuwa mengi mpaka yakapangwa kwa maelfu kwenye jangwa la Victorville, California, na kwenye eneo la uwanja wa zamani wa mpira karibu na Detroit. Mjerumani mwenyewe, ambaye ndiye tunaambiwa hadanganyi, alisubiri hadi 2020, wateja karibu 260,000 wakatengewa hadi euro milioni 830, kila mmoja kati ya euro 1,350 na 6,257. Uingereza walipigana mpaka Mei 2022, watu kama 91,000 wakalipwa pauni milioni 193, na kampuni ikalipa bila kukubali kosa. Gari ni lilelile, injini ni ileile, udanganyifu ni uleule. Kilichotofautisha malipo ni ukali wa sheria ya nchi uliyopo.

Na magari ya Uingereza yalikwenda wapi yalipochoka? Usukani wao uko kulia kama wetu. Mengine yamekuja Mombasa na Dar es Salaam. Golf, Passat na Tiguan za dizeli za kuanzia 2009 hadi 2015, zenye injini ya EA189, ile iliyowekewa programu ya udanganyifu, ndizo hizo mnazipigia picha yadi mkiandika "mashine ya Mjerumani, inanusa mafuta tu". Aliyelipwa fidia ni Mwingereza aliyeliuza, gari likaja kwetu na moshi wake. Mimi sijawahi kukutana na mmiliki wa hapa aliyepokea hata barua ya kumwambia gari lako ni miongoni mwa yale. Na kuna kingine wauzaji hawakisemi: wamiliki wengi Uingereza walilalamika kwamba baada ya gari kuwekewa programu mpya ya kurekebisha, valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, ilianza kuziba na gari kupoteza nguvu ghafla. Kwa hiyo unaponunua, ukijua limerekebishwa una swali, ukijua halijarekebishwa una swali jingine, na muuzaji wako hajui hata unaongelea nini.

Mtasema unanunua Volkswagen ya petroli kutoka Japani, hayo ya dizeli hayakuhusu. Sawa, twende kwenye gia boksi ya DSG ya gia 7, inayobadilisha gia yenyewe kwa klachi mbili kavu, iliyomo kwenye Polo na Golf nyingi za TSI, yaani petroli yenye turbo. Wachina walilalamika miaka, gari linatetemeka, linapoteza nguvu katikati ya barabara. Tarehe 15 Machi 2013 televisheni ya taifa ya China ikarusha kipindi chake cha haki za walaji, ikaitaja wazi. Ndani ya siku chache Volkswagen ikaita magari 384,181 yarudishwe yarekebishwe. Miezi michache baadaye, Novemba, ikatangaza kubadilisha oili ya gia boksi hizo kwenye magari karibu milioni 1.6 duniani, oili ya sintetiki itolewe iwekwe ya madini, kwa sababu ya sintetiki ingeweza kuleta hitilafu ya umeme ndani ya gia boksi. Hitilafu inatokea wapi? Kampuni yenyewe ilieleza: kwenye joto na unyevu mwingi, na foleni za kusimama na kuondoka.

Joto, unyevu, foleni. Someni tena halafu mniambie hiyo siyo Dar es Salaam ya mwezi Februari, Buguruni saa kumi na moja jioni. Mchina alisikilizwa kwa sababu serikali yake ilisimama nyuma yake na soko lake ni kubwa. Wa hapa anaambiwa na fundi "mechatroniki imekufa, tafuta spea", yaani kifaa cha kompyuta na valvu kinachoendesha gia boksi, anaanza kuomba michango.

Na hili la kulipa kwa kubanwa halikuanza 2015. Wanaotuhubiria heshima ya jina hili wajue lilianzia wapi. Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda Mei 1938, akawaahidi wafanyakazi wa Ujerumani gari la mark 990, mark ikiwa pesa ya Ujerumani wakati huo. Mtu ananunua stempu za mark 5 kila wiki, anabandika kwenye kitabu, kitabu kikijaa anapewa gari. Watu kama 336,000 walibandika stempu. Hakuna hata mmoja wao aliyekabidhiwa gari. Vita ikaja, kiwanda kikatengeneza magari ya jeshi. Wenye vitabu vyao wakashitaki baada ya vita, wakazungushwa mahakamani hadi 1961, wakaambulia punguzo la hadi mark 600 kwa atakayenunua gari jipya au mark 100 mkononi. Hao ni Wajerumani kwa Wajerumani.

Waliofanya kazi kiwandani wakati wa vita walikuwa na hali mbaya zaidi ya hiyo. Watu kama 20,000 walilazimishwa kufanya kazi pale, Wapoland, Warusi, mateka, wafungwa wa kambi za mateso. Wanawake wa Poland na wa Kisovieti waliojifungua walinyang'anywa watoto, wakapelekwa kwenye kituo cha watoto cha kiwanda, mwishoni kilikuwa kijiji cha Rühen. Watoto zaidi ya 300 walikufa pale kwa uchafu, maradhi na kukosa matunzo. Daktari wa kiwanda aliyesimamia, Hans Körbel, alinyongwa na Waingereza mwaka 1947. Mfuko wa kuwasaidia waliolazimishwa kazi ulianzishwa na kampuni mwaka 1998, mark milioni 20, wakati kesi zinaanza kuinyemelea. Zaidi ya miaka 50! Wengi walishazikwa. Nakubali kwamba walimlipa mwanahistoria Hans Mommsen achimbe historia hiyo na kitabu kikatoka 1996, hilo ni jambo jema. Lakini mwenzake aliyeandika naye, Manfred Grieger, ambaye alikuwa mwanahistoria wa kampuni, aliondoka 2016 baada ya kuukosoa utafiti juu ya Audi wakati wa Wanazi.

Brazil vilevile. Tawi lao lilishirikiana na polisi wa utawala wa kijeshi, wafanyakazi wakakamatwa hadi ndani ya kiwanda. Makubaliano ya kulipa reais milioni 36, pesa ya Brazil, yalifikiwa 2020, baada ya waendesha mashitaka kuwaandama miaka. Kwenye shamba lao la ng'ombe kule Pará, miaka ya 1970 na 1980, vibarua walishikiliwa kwa madeni na walinzi wenye silaha. Padri Ricardo Rezende ndiye aliyekusanya ushahidi na kuutunza. Agosti 2025 mahakama ya kazi ikaamuru walipe reais milioni 165. Kampuni ikasema inakata rufaa.

Najua mtakuja na Safari Rally. Ni kweli, Beetle ilishinda Afrika Mashariki hii hii, 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na mawe yaliyovunja magari ya bei mara mbili yake. Ilikuwa gari imara, injini nyuma, inapozwa kwa hewa, fundi wa kijijini anaifungua kwa spana chache. Aliyefufua kiwanda kile baada ya vita alikuwa meja wa jeshi la Uingereza, Ivan Hirst, na Beetle zikatengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka Puebla, Mexico, mwaka 2003. Wazee wetu walioziendesha hawakukosea kuzisifu. Lakini sifa ya gari lile ndiyo inayotumika leo kukuuzia gari lisilo na uhusiano nalo, lenye kompyuta usiyoweza kuifungua. Uimara wa Beetle haukupi haki ya kutoniletea rekodi za Passat.

Wauzaji, ninachotaka kwenu ni kidogo. Wekeni namba ya chesisi kwenye tangazo, mtu aweze kuuliza kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Semeni kama oili ya gia boksi ilibadilishwa. Kama hamjui, andikeni hamjui. Na nyie wa "Mjerumani hadanganyi", kama kuna mmoja wenu mwenye EA189 hapa Tanzania au Kenya aliyewahi kupokea barua, simu au shilingi moja kutoka Wolfsburg, makao makuu ya Volkswagen, aifiche namba yake, aweke picha ya barua hapa chini. Nasubiri.