Tupeane uzoefu: siti ya dirishani upande gani ili uuone Mlima Kilimanjaro?

Wakuu, salaam. Kaunta ya uwanja wa ndege kila mtu anaomba "dirishani tu, popote." Jamani, dirishani peke yake haitoshi! Ndege ileile, wa upande mmoja anatazama theluji ya Kibo, kile kilele kirefu zaidi, wa upande wa pili anaona nyika kavu mpaka anashuka.

Njia yangu ni Nairobi–Dar. Ukitoka Nairobi, mlima unabaki magharibi mwa njia, yaani kulia. Ukirudi, kaa kushoto. Ndege ikiwa imeshapanda juu kabisa unalitazama shimo la Kibo kwa juu, na lile duara la majivu katikati yake. Meta 5,895 ziko chini yako! Mawenzi, kilele cha pili, yuko pembeni, amechongoka, na Mlima Meru kwa mbali.

Nachagua ndege ya asubuhi. Mawingu yanakuwa bado hayajapanda mlimani, na jua liko mashariki, mgongoni kwako, kwa hiyo theluji inang'aa. Jioni jua linahamia nyuma ya mlima, unabaki na umbo jeusi tu. Rubani akipewa njia nyingine hapo hakuna la kufanya, lakini mara nyingi hesabu hii inakubali.

Haya, leteni za kwenu.

Mdau wa Moshi: Dar–KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) ni kulia, na usisinzie, maana kabla ya mlima unapitiwa na Usambara, kisha Pare, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka KIA kwenda Dar ni kushoto. Nilimpeleka bibi yangu, mzaliwa wa Marangu, kwa shangazi Dar; alikuwa hajawahi kupanda ndege. Nikamwombea siti A, ya dirishani kushoto. Tulipopaa, Kibo kikawa usawa wa dirisha. Akaanza kunionyesha kwa kidole: kule Rombo, hapa kwetu, msitu unaishia pale. Abiria wa nyuma yetu akasogea kumsikiliza. Bibi aliongea mlima mpaka tukaingia mawinguni, na alipofika kwa shangazi akaanza upya.

Mdau wa Mombasa: Huku kwetu Nairobi–Mombasa pia ni kulia, kurudi ni kushoto. Na wanaokwenda Kisumu, kaeni kulia muone Longonot na Ziwa Naivasha punde tu baada ya kupaa. Bonde la Ufa lile ni la kuonwa kwa macho, picha hailitendei haki.

Mdau wa Dar: Mmesahau bawa. Ndege za panga kama ATR na Dash 8 bawa liko juu ya madirisha, ardhi yote unaiona, kinachoziba ni injini tu. Ndege kama Airbus na Boeing bawa liko chini, ukikaa katikati unalitazama bawa safari nzima. Kaa mbele ya bawa. Nyuma yake hewa ya moto ya injini inafanya picha zicheze. Boeing 737 nyingi zina siti moja "ya dirishani" ambayo kando yake ni ukuta mtupu, kwa hiyo angalia mchoro wa siti kabla hujalipia. Kwa picha, sogeza simu karibu na kioo bila kukigusa, halafu ziba mwanga wa ndani kwa kitenge au koti.

Mdau wa Unguja: Nyie wa milima, nasi tuna bahari. Dar kwenda Unguja kaeni kulia: mnaona jiji, kisha Bongoyo na Mbudya. Vile vindege vya Caravan vinaruka chini na bawa liko juu, mpaka ngalawa unaziona. Tafuta saa ya maji kupwa. Mafungu ya mchanga yanatokeza, na maji yanabadilika rangi kutoka kijani mpaka buluu iliyokoza. Maji yakijaa, nusu ya uzuri huo imefunikwa. Mimi huangalia bamvua kwanza, zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndiyo nikate tiketi.

Mleta mada: Mdau wa Unguja, hilo la maji kupwa nalichukua leo hii. Bibi wa Marangu apewe salamu zangu. Sasa nauliza: kuna aliyepanda Mwanza–Bukoba? Nataka kuona visiwa vya ziwa, nasafiri mwezi ujao na siti bado sijachagua. Kushoto au kulia?