"Inadvertently": ni kutokusudia au ni kughafilika?

Karani wa Ghala, Masasi

Ndugu zangu, ninaomba msaada kuhusu neno moja la Kiingereza. Mimi ni karani katika ghala la korosho, na wiki iliyopita nilitakiwa kumwandikia mnunuzi barua ya kumweleza kwamba magunia sita ya daraja la pili yalipakiwa pamoja na yale ya daraja la kwanza bila mtu yeyote kukusudia. Niliandika "by bad luck". Mkubwa wangu akayakata maneno hayo kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "inadvertently", kisha akanirudishia karatasi pasipo kusema neno. Kamusi yangu ndogo inalitafsiri "bila kukusudia", lakini "unintentionally" na "accidentally" nayo imeyapa tafsiri hiyo hiyo. Je, maneno haya matatu ni sawa, au kila moja lina mahali pake?

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Mkubwa wako alikuwa sahihi, ingawa angeweza kukueleza sababu. Ukisema "bahati mbaya", unamwambia mnunuzi kwamba hakuna aliyehusika, kana kwamba magunia yalijipanga yenyewe kwenye lori. "Inadvertently" inakiri kwamba mtu alifanya kazi ile kwa mikono yake, ila mawazo yake hayakuwa pale. Asili yake ni neno la Kilatini "advertere", maana yake kugeuza kuelekea jambo fulani, na ile "in-" ya mwanzo inakanusha. Kwa hiyo ni hali ya mtu ambaye hakugeuza fikra zake kwenye jambo alilolifanya. Hata "advertisement", yaani tangazo, limetoka kwenye shina hilo, kwa kuwa tangazo hugeuza macho ya watu. Kiswahili kina neno linalolingana nalo vizuri kuliko "bila kukusudia", nalo ni "kughafilika", tulilolipata kutoka Kiarabu na lililozaliwa tumbo moja na "ghafla".

Tofauti na "unintentionally" utaiona shambani. Tuseme unapulizia salfa mikorosho yako, umeuangalia upepo kwa makini, kisha upepo unageuka na kulipeleka vumbi kwenye nguo alizoanika jirani. Hukukusudia, lakini pia hukughafilika, kwa hiyo hapo "unintentionally" inatosha. Kama upepo ulikuwa ukielekea kwa jirani tangu mwanzo, nawe ukawasha mashine bila hata kukumbuka kwamba kuna nguo kambani, hapo ndipo penye "inadvertently". Ama "accidentally", hilo ni neno la mazungumzo ya kila siku, na linatazama zaidi tukio lililozuka kuliko fikra za mtendaji.

Binti wa Mikindani

Shikamoo, mwalimu. Naomba kuongeza kwamba ugumu wetu unatokana pia na lugha yetu, kwa sababu Kiswahili huweza kumficha mtendaji ndani ya kitenzi chenyewe. Mtoto akiangusha kikombe husema "kimevunjika", au "kimeniponyoka", nasi tunaelewa mara moja kwamba hakukusudia, bila kielezi chochote. Mwingereza akisema "I broke the cup" hujajua kama alikusudia au la, ndiyo maana huhitaji kuongeza neno. Tena jambo lenyewe si lazima liwe baya: niliwahi kufungua faili lisilo langu kwa kughafilika, nikakuta humo kosa la hesabu lililokuwa limetusumbua ofisi nzima. Hapo "kwa bahati mbaya" ingekuwa kichekesho.

Msomaji wa Newala

Tahadhari moja tu kwa wanaoandika mambo ya mahakama: "kuua bila kukusudia" kwa Kiingereza ni "manslaughter", kosa lililo katika kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu, na mtu anaweza kutiwa hatiani kwa kosa hilo hata kama ngumi aliirusha kwa kudhamiria. Msilitafsiri kwa neno hili la magunia.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Marahaba, binti yangu. Nilisahau matamshi. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi wetu hukaza "tent". Waingereza hukaza "ver", na hiyo "r" wengi wao hawaitamki. Katika tahajia, ni "-tent-" na si "-tant-", kosa ambalo hata wenye lugha yao hulifanya.

Karani wa Ghala, Masasi

Nawashukuru nyote. Nimeandika upya: "Six bags of the lower grade were inadvertently loaded with the first grade." Mkubwa ameipitisha na barua imekwenda. Kisha ameniita ofisini, akaniuliza ni nani hasa aliyeghafilika.