Alfa Romeo 1750 ya mwaka 1969: injini ifunguliwe Lubumbashi, Kitwe au Johannesburg?

Mwenye Alfa (Lubumbashi, mtaa wa Golf)

Jambo kwenu nyote. Nina Alfa Romeo 1750 GT Veloce niliyorithi kwa baba mkwe, na tangu mwezi uliopita naona mafuta ya injini yakielea juu ya maji ndani ya rejeta kila ninapofungua kifuniko asubuhi. Mgandamizo wa silinda zote nne umepimwa na unalingana, wala bomba halitoi moshi mweupe, ila nimeiegesha. Bei nilizopewa zimenitatiza kuliko ugonjwa wenyewe. Gereji moja ya mjini, yenye sakafu ya vigae, inataka dola 2,800 za kuifanya injini upya, bila karatasi yoyote inayoeleza kitakachofanywa. Fundi mzee wa Katuba, aliyezeeka na Peugeot 404 na 504, anataka dola 450 za mkono wake, vipuri nijitafutie. Jamaa yangu wa Kitwe, ng'ambo ya mpaka Zambia, anasema niipeleke huko kwa dola 1,300, bila kuhesabu usafiri. Johannesburg, takriban kilomita 2,000 kutoka hapa, sijauliza. Waliowahi kufungua injini za aina hii walilipa nini, na walipata nini?

Mtu wa Kamalondo

Ndugu, kabla ya bei tusikilize gari linalalamikia nini. Bloku ya Alfa hiyo ni ya alumini, na ndani yake zimesimamishwa shemizi za chuma cha kusubu, yaani yale mapipa ambamo pistoni hupanda na kushuka, zikizungukwa na maji moja kwa moja. Gasketi ya kichwa cha injini inazuia gesi, maji na mafuta kwa pamoja, na pale mafuta yanapopanda kwenda kwenye kemshafti mbili za juu, yaani zile fito zinazofungua vali, kuna pete ndogo za mpira ambazo hukauka kwa uzee. Mgandamizo ukiwa sawa na mafuta yakaingia katika maji, mimi ningeanza kuzishuku pete hizo, si pistoni. Kwa hiyo anayetaja dola 2,800 kabla ya kupima chochote anakuuzia kazi ambayo huenda huihitaji. Waulize wote swali moja: shemizi zinapaswa kusimama juu ya uso wa bloku kwa kiasi gani? Anayejua atakujibu kwa sehemu za mia za milimita. Asiyejua atakuambia atapaka silikoni.

Mama wa Kampemba

Baba, niongeze yaliyonipata na 504 coupé ya marehemu mume wangu, kwa kuwa nayo ina shemizi zinazozungukwa na maji. Gereji niliyoichagua kwa unafuu wa bei iling'oa kichwa cha injini, kisha kijana mmoja akazungusha kranki, yaani mhimili unaopandisha na kushusha pistoni, kwa spana ili asafishe pistoni, bila kuzibana shemizi kwanza kwa bolti. Moja ikanyanyuka kiasi ambacho jicho halikioni, uchafu ukaingia chini yake. Wiki ya pili nilipovuta kijiti cha kupimia mafuta, kilitoka na povu la rangi ya kahawa yenye maziwa. Nililipa dola 300, halafu 700 kwa fundi mwingine, ambaye siku nzima ya kwanza hakufungua hata skrubu moja: alipiga picha na kufunga vikaratasi vyenye namba kwenye kila bomba. Siku ile nilimwona mvivu.

Dereva wa Kasumbalesa

Bei ya Kitwe isitazamwe peke yake. Injini inayovuka mpaka kwa matengenezo inahitaji hati ya kutoka kwa muda ya DGDA, yaani forodha ya Kongo, yenye namba ya injini, la sivyo ikirudi inaweza kuhesabiwa kama bidhaa iliyonunuliwa nje na kutozwa ushuru. Ongeza wakala wa forodha, gari la mzigo kwenda na kurudi, na siku za foleni ya malori. Kisha jiulize unafuata nini huko. Lubumbashi ni mji wa migodi. Karakana za kusawazisha vichwa vya injini tunazo hapa hapa.

Mzee wa Ruashi

Nakubaliana na kijana wangu wa Kasumbalesa nusu. Karakana hizo zimezoea injini za malori, ilhali kichwa cha Alfa ni alumini laini, na kilichokatwa hakirudi: mgandamizo unapanda, vali zinaikaribia pistoni. Unyoofu upimwe mbele yako, ndipo wakate kidogo kabisa. Pia wakisugua viti vya vali, nafasi kati ya kemu (nundu ya kemshafti inayosukuma vali) na vali inapungua, nayo hairekebishwi kwa skrubu kama kwenye 504. Unatoa kemshafti, unabadilisha kidonge cha chuma chini ya kikombe cha vali, unarudisha, unapima tena. Vali ni nane. Hapo dola 450 ni chache mno, na fundi aliyechoka atafunga hivyo hivyo. Johannesburg ningeagiza gasketi na vidonge tu, kwa sababu Afrika Kusini iliwahi kuunganisha Alfa Romeo katika mji wa Brits hadi mwaka 1985, na vipuri havijakauka. Usisahau kabureta: sisi tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jeti, yaani vitundu vya kupimia petroli, zilizopangwa kwa ajili ya pwani zitakunywesha petroli bure.

Mwenye Alfa

Asanteni, Mzee na wenzangu. Nimeuliza lile swali la shemizi. Mjini walinijibu kwamba wana silikoni nzuri sana kutoka Ujerumani. Mzee wa Katuba hakukijua kipimo cha Alfa, na alikiri. Alifungua kitambaa chenye mafuta, akatoa rula ya chuma na vijani vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, akaniomba nimletee kitabu cha gari. Tumeandikiana dola 650, kazi ya vidonge ikiwemo, na kichwa kitakwenda karakana kwa dola 120 naye akiwa amesimama pale. Gasketi imeagizwa Johannesburg. Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanza kwa kumwaga maji ya rejeta katika ndoo safi. Picha za uso wa bloku nitaziweka hapa kichwa kikishatoka.